Alikosa udaktari, akaenda maabara?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi zilizosomesha mtoto PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hukaa kikao. Pointi zinahesabiwa na kuhesabiwa tena, udaktari wa binadamu unaonekana kwa mbali, na mtu mmoja, mara nyingi yule ambaye hatalipa ada, anasema: "Basi aende hata maabara." Husemwa kwa sauti ya abiria aliyeshushwa kituo kimoja kabla ya alikokuwa anakwenda.

Kikao hicho nimekitunga hapa kwa sauti nne. Baba anauza vipuri vya pikipiki Morogoro na ndiye mwenye pochi. Shangazi, dada yake mkubwa, ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya na anakaribia kustaafu. Kijana ni mtoto wa marehemu kaka yao. Ana stashahada ya maabara, ana leseni, ajira ya kudumu hana. Binti ndiye anayejadiliwa na, kama ilivyo desturi ya vikao hivi, ndiye atakayeulizwa mwisho. Mimi nitatia neno pale nitakaposhindwa kunyamaza.

BABA: Dada, sina ubaya na kazi yako, imetusomesha hata sisi. Lakini huyu nimemlea nikijua atakuwa daktari. Maabara ni nini? Unatoa damu, unaitia kwenye mashine, mashine inatoa karatasi. Siku hizi hata nesi wa zahanati anapima malaria mwenyewe kwa kale kakipimo, dakika 15 kwisha habari.

SHANGAZI: Hako kakipimo nakapenda, kameokoa vijiji ambavyo havina umeme wala darubini. Ila ujue kanatafuta nini. Kanatafuta protini ya kimelea, inaitwa HRP2. Mtoto akitibiwa malaria akapona kabisa, protini ile inaweza kubaki kwenye damu yake wiki kadhaa. Akirudi na homa ya nimonia, kakipimo kanachora mistari miwili vilevile. Sasa mdogo wangu, nani atakwambia kwamba malaria ilishaondoka?

BABA: Darubini. Lakini darubini si mambo ya kale hayo?

SHANGAZI: Ya kale kweli. Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikiona kimelea cha malaria kule Algeria mwaka 1880, na hatujaiacha mpaka leo. Tone nene la damu unalitandaza kwenye slaidi, unaliacha likauke, na hulimwagii methanoli, maana unataka maji ya rangi yapasue chembe nyekundu zote uone ndani. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10, dakika 10 mpaka 15. Unaosha taratibu, tone lisichukuliwe na maji. Unaweka mafuta, unashusha lenzi ya 100. Usipomwona mdudu, huandiki kitu. Unasogeza slaidi, unaangalia, unasogeza. Ukishapita sehemu 100 bila kumwona ndipo unaandika kwamba hakuonekana. Ukimwona, unamhesabu sambamba na chembe nyeupe 200 na kupiga hesabu yake. Ninyi mtaani mnasema "nina malaria tatu". Hiyo tatu zilikuwa alama za kujumlisha tulizoandika kwenye karatasi, kuanzia moja mpaka nne. Wadudu wenyewe wakifika alama tatu ni maelfu.

Hapo natia neno. Mwaka 2004 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakitibiwa malaria kali, wakazisoma slaidi zao kwa makini. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, asilimia 46. Zaidi ya nusu, basi, walikuwa wanaumwa kitu kingine. Na hao ndio waliokufa zaidi: takriban asilimia 12, dhidi ya asilimia 7 ya wenye malaria ya kweli. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Watabibu walikuwapo katika hospitali zile. Kilichokosekana ni jibu la maabara ambalo daktari angelisoma na kuliamini.

KIJANA: Baba mdogo, shangazi anakuelezea maabara kama inavyotakiwa kuwa. Mimi niseme niliyoyakuta. Nilipomaliza chuo nilipata kibarua zahanati ya mtu binafsi, sitaitaja. Mgonjwa akija na homa anaandikiwa malaria, mkojo, na Widal ya taifodi. Kila mgonjwa. Kile kipimo cha Widal ni cha mwaka 1896, hakitafuti bakteria, kinatafuta kingamwili. Ukiwahi kuumwa taifodi zamani, au ukiwa na maambukizi mengine tu, damu yako inaweza kuganda vipunjepunje pale kwenye kigae, na ukaambiwa unaumwa. Ukitaka kuijua taifodi kwa uhakika unaotesha damu, unasubiri siku kadhaa. Nani anasubiri? Mgonjwa anataka jina la ugonjwa kabla hajatoka getini, na mwenye zahanati anataka kuuza sindano za siku tano.

BABA: Na wewe ulikuwa unaandika nini?

KIJANA: Nilichokiona. Majibu yangu mengi yakawa "hakuna". Mwisho wa mwezi nikaitwa ofisini nikaulizwa mbona tangu nije mimi watu hawaumwi. Mkataba wa majaribio ulipoisha haukuongezwa.

BABA: Umesikia, dada? Nitoe ada miaka yote hiyo ili mwanangu akafukuzwe kazi kwa kusema kweli?

SHANGAZI: Ungependa afukuzwe kwa kusema uongo?

BABA: Ningependa asifukuzwe kabisa.

Baba ana haki yake hapa, nami sioni kwa nini tumcheke. Mzazi anayelipa ada huulizia mshahara, hata kama amesema anaulizia heshima ya kazi. Lakini alichokisimulia Kijana ndiyo kazi yenyewe. Vyuo vinafundisha kupima, na kupima hujifunzwa. Mtu mwenye mkono mtulivu atajua kutandaza slaidi nzuri kabla ya muhula kuisha. Kinachochukua miaka ni kujua ni lini jibu lisitolewe. Ukiniuliza nani asome maabara, nitakuambia ni yule anayeweza kukataa huku mtu mkubwa kuliko yeye amesimama mlangoni akisubiri.

BINTI: Shangazi, samahani. Kukataa vipi? Mashine si imeshatoa namba?

SHANGAZI: Afadhali umeuliza, mwanangu. Siku moja jioni mwanafunzi wa fildi aliniletea karatasi, anatetemeka. Potasiamu 14. Ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5. Ikipita 6 na kitu unaanza kuogopa moyo utasimama. Kalsiamu nayo ilikuwa karibu na sifuri. Daktari wa zamu alishapiga simu mara mbili anataka majibu. Yule mwanafunzi anasema, mama, mgonjwa anakufa, nikimbie niwape? Nikamwuliza, mgonjwa yuko wapi? Akasema yuko kwenye benchi nje, anakunywa chai.

BABA: Sasa?

SHANGAZI: Mwenye potasiamu 14 hakai kwenye benchi akanywa chai, kaka. Nikamwambia achukue tyubu mbili za yule mgonjwa azitazame. Ya kifuniko cha zambarau ilikuwa na damu pungufu. Ile ina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa yenyewe ni chumvi ya potasiamu, tena inanyakua kalsiamu yote. Aliyetoa damu wodini aliona tyubu nyekundu haijatosha, akamiminia kutoka kwenye ya zambarau. Mashine haikukosea. Ilipima vizuri kabisa kitu ambacho hakikutoka kwenye mishipa ya mgonjwa. Yale majibu yangepanda wodini, mtu mzima anayekunywa chai angedungwa dawa ya kushusha potasiamu ambayo haikupanda.

BINTI: Mlifanyaje?

SHANGAZI: Tulikataa sampuli. Tukaandika sababu, tukaomba nyingine. Daktari akanuna. Damu mpya ikaja na 4.1.

Ningeweza kuufunga mjadala hapa kama hoja ingekuwa ni umuhimu wa kazi tu. Lakini Baba bado hajatoa karata yake kubwa.

BABA: Haya, tuseme mna akili. Mbona maabara yenyewe ya taifa ilipima papai likakutwa na corona?

KIJANA: Nilijua tutafika huko.

SHANGAZI: Acha tufike. Mei 2020 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa kwa majina ya watu, zilirudi na majibu ya corona. Siku iliyofuata mkuu wa ile maabara akasimamishwa kupisha uchunguzi. Ya uongozi siyajui, na sitayasemea. Nasemea kipimo. Kile kilithibitishwa kwa ute wa pua na koo la binadamu. Ukikipa papai, kikisema ndiyo au kikisema hapana, yote mawili hayana maana. Sisi hatumwoni mgonjwa, tunaona tyubu na lebo. Aliyeamua kutudanganya kwenye lebo atatudanganya.

KIJANA: Lakini shangazi, tukubali nasi tulipata somo. Jibu lisilo na maana hutoka kwenye mashine likiwa na sura ileile ya jibu la kweli, karatasi ileile, wino uleule. Mwananchi ameshalijua hilo sasa. Ukimwambia "mashine imesema", hatosheki.

Nasimama na Kijana. Jibu la kitaalamu la Shangazi ni sahihi, ila halimfikii mtu wa kawaida aliyelisikia papai redioni. Anayemfikia ni mpimaji anayeweza kueleza alivyojihakikishia. Na njia ipo, tena haina siri. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, maabara inayojiheshimu hupima sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari. Namba inayotoka inatiwa nukta kwenye chati iitwayo Levey-Jennings, yenye mstari wa wastani katikati na mistari ya mkengeuko juu na chini. Nukta ikiruka nje ya mkengeuko wa tatu, mashine hiyo haipimi mtu mpaka kosa lipatikane. Nukta zikianza kupanda polepole upande mmoja siku baada ya siku, hata kama ziko ndani ya mistari, mjuzi anajua kitendanishi kinachoka au taa inafifia. Hapo ndipo hesabu za takwimu zilizowachosha wanafunzi darasani zinapolipa. Afrika imeweka hata utaratibu wa kuzipa maabara nyota kwa mambo kama haya, kuanzia sifuri mpaka tano, na zinazotaka kwenda mbele zaidi huomba ithibati ya ISO 15189. Ukiingia maabara, omba uione chati ya mwezi huu. Nimeona chati zilizojazwa kwa kalamu moja, siku moja, mwezi mzima.

BINTI: Na panya wa SUA je? Wanafunzi wenzangu wanasema panya wananusa kifua kikuu kuliko watu wa maabara.

SHANGAZI: (anacheka) Hao ni wafanyakazi wenzetu. Panya buku wa APOPO pale chuo cha Sokoine ananusa makohozi 100 kwa dakika 20. Mimi kwa darubini ningehitaji siku kadhaa. Lakini akisimama kwenye sampuli akikwaruza, unajua inakwenda wapi? Inarudi maabara ithibitishwe. Mashine ya GeneXpert nayo inatoa jibu kwa saa mbili, tena inakuambia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini. Vyote hivyo vimepunguza kazi ya macho. Kazi ya kuulizwa "una uhakika?" imebaki kwetu.

BABA: Hatari je? Usinifiche, mimi ndiye baba yake.

SHANGAZI: Sikufichi. Walimu wangu walifundishwa kuvuta damu kwa kimrija wakitumia mdomo. Ndiyo, mdomo huu wa kulia ugali. Hayo yamekwisha, lakini hatari haijakwisha. Marburg ilipotokea Kagera mwaka 2023 walipatikana wagonjwa 9 na walikufa 6, mhudumu wa afya akiwemo. Iliporudi Biharamulo, Januari 2025, sampuli ilisomwa kwanza kwenye maabara ya Kabaile hukohuko Kagera, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Fikiria mtu aliyeishika ile tyubu ya kwanza. Kwa hiyo kabla huyu hajaenda fildi atapata chanjo ya homa ya ini B, dozi zote, na asikubali kuambiwa glavu zimekwisha aendelee tu.

KIJANA: Atakubali. Wote tulikubali. Ukikataa unaambiwa mwanafunzi mjuaji.

SHANGAZI: Basi ndiyo ajifunze kukataa akiwa bado mwanafunzi.

Wakaingia kwenye fedha, na hapo mazungumzo yakawa mafupi na makali. Njia ziko mbili. Aliyemaliza kidato cha nne na ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia huingia stashahada, miaka mitatu, chini ya usimamizi wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Wa kidato cha sita anaweza kuomba shahada Muhimbili, Bugando au KCMC, akimaliza anapitia mwaka wa utarajali. Wote wawili hawaruhusiwi kushika sampuli ya mgonjwa kwa ajira mpaka wasajiliwe na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada, fani za afya zikiwamo, jambo ambalo Kijana alilisikia kwa uchungu kwa kuwa yeye alishamaliza.

BABA: Akimaliza, ajira ipo?

KIJANA: Nikuambie ukweli, baba mdogo. Nafasi za serikali zikitangazwa tunajaa kwenye mfumo wa maombi mpaka unakwama. Wenzangu wengi tunajitolea. Unapewa nauli, siku nyingine hupewi. Halafu unakwenda zahanati ya kijijini unakuta hakuna mtu wa maabara hata mmoja. Upungufu upo na wasio na kazi wapo, na katikati yao kuna kibali cha ajira ambacho hakijasainiwa.

BABA: Kwa nini basi hujaacha? Njoo dukani, nikufundishe vipuri.

KIJANA: Nilifikiria. Ila kuna usiku mmoja hospitali ninapojitolea, mama amejifungua, damu inamwagika. Kundi lake O, damu iliyopo benki inatosha chupa mbili. Niko peke yangu. Unachanganya damu yake na ya mchangiaji, unasubiri, na mlango unagongwa kila dakika. Huwezi kuharakisha, ukikosea kundi unamuua wewe, kwa mkono wako, wala daktari hatalaumiwa. Zikapatana. Nikaikabidhi.

SHANGAZI: Wakakushukuru?

KIJANA: Walimshukuru daktari.

SHANGAZI: Mimi miaka yote hii sijawahi kuletewa kuku. Daktari analetewa, nesi analetewa. Mgonjwa hajui hata mlango wetu uko wapi; anaujua wa dirishani anapopokelea kopo la choo.

Sitaki kulipamba hili. Kazi isiyoonekana hulipwa kama kazi isiyoonekana, na wizara nyingi duniani hujenga wodi kabla ya maabara kwa sababu utepe wa wodi unakatwa vizuri zaidi mbele ya kamera. Mtoto wa miaka 19 anayetaka kuitwa "dokta" sokoni asije huku. Ataumia, na atawaumiza wagonjwa kwa kufanya kazi ya watu akiwa na moyo wa mahali pengine. Hao walioshushwa kituo kimoja kabla ndio huandika "hakuna vimelea" baada ya kuangalia sehemu 10. Ndiyo maana ninalipinga lile pendekezo la kikao, la kwenda "hata" maabara. Afadhali mtoto huyo arudie mtihani, au aende ualimu, au vipuri.

BABA: Haya, mwenyewe tumsikie. Mama, wewe unasemaje?

BINTI: Nilikuwa nimeweka udaktari namba moja, famasi namba mbili, maabara namba tatu.

BABA: Na sasa?

BINTI: Nabadilisha. Maabara namba moja.

BABA: Kwa hadithi ya chai ya kwenye benchi?

BINTI: Kwa sababu shuleni nikimwambia mwalimu jibu la kitabu limekosewa naambiwa nina kiburi. Huku naona ndiyo kazi.

SHANGAZI: Usijidanganye, mwanangu, huku pia utaambiwa una kiburi. Ila utakuwa na chati ya kuwaonyesha.

BABA: Nikikubali, na sijasema nimekubali, nimpeleke chuo gani? Kila nguzo ya umeme hapa mjini imebandikwa tangazo la chuo cha afya.

KIJANA: Ukikosa nafasi ya shahada ukaangukia vyuo vya kati, usilipe hata shilingi kwanza. Nenda mwenyewe, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Waulize usajili wao NACTVET, halafu omba kuingia maabara ya kufundishia. Hesabu darubini zinazowaka, uliza mwaka wa kwanza wako wanafunzi wangapi. Wakikupa kipeperushi badala ya kukufungulia mlango, panda daladala urudi.